Mungu simba au mungu chui?
Ukitunga dunia ya kubuni yenye mungu mwindaji, simba na chui watakupa dini mbili tofauti kabisa.

Simba huishi kundini. Ngurumo yake huweza kusikika umbali wa kilomita 8, kwa hiyo mungu wake anadai ibada ya hadharani na mipaka inayotangazwa. Lakini utamu wa hadithi uko kwenye mapinduzi: madume wapya wakitwaa kundi, mara nyingi huua watoto wachanga wa waliotangulia, ili majike wapate mimba upya haraka. Hapo una mungu anayefuta ukoo wa mtangulizi wake, na miungu wa kike wanaoungana kumpinga, maana majike halisi hupigana kuwalinda watoto. Ndio pia wanaofanya sehemu kubwa ya uwindaji. Wamisri wa kale walimchora Sekhmet, mungu wao wa vita, na kichwa cha simba jike.

Chui ni mpweke. Hunyemelea hadi karibu sana, kisha hupandisha mzoga mtini, hata ukimzidi uzito. Sadaka zake zitundikwe matawini, usiku, bila kuhani.

Kwa hadithi ya himaya, simba anatosha. Kwa hofu, namchagua chui bila kusita: ukimya wake humfanya kila muumini ajichunguze mwenyewe.