Kutoka uwanja wa ndege mpaka hotelini na mabegi mazito: usafiri upi uchukue, kuanzia ule bora mpaka wa mwisho

Watu wengi wakitafuta usafiri wa kutoka uwanja wa ndege kwenda hotelini mjini wanaangalia nauli, alafu wanaangalia muda, alafu basi wameshaamua. Ukiwa na kibegi cha mgongoni hiyo ni sawa kabisa. Ila ukiwa na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, ambacho ndo kiwango mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kwa begi moja la daraja la kawaida, hesabu inabadilika yote, na kitu cha kwanza kuhesabu ni mara ngapi utanyanyua mzigo kwa mikono yako mwenyewe. Kuburuta sio kunyanyua. Sanduku la tairi nne kwenye sakafu laini hata mtoto analisukuma, lakini panda nalo ngazi ishirini, unaliweka juu unarudi chini kuchukua la pili huku macho yako yote yako kwa lile la kwanza, hapo ndo utaelewa nasema nini.

Mimi nimelijua hili kwa vitendo. Nilitua asubuhi kwenye mji nisioujua, nina masanduku mawili na begi la kompyuta, nikaona treni inapita karibu na hoteli, kwenye ramani ni mita mia nne tu nikasema hii safi. Treni yenyewe haikuwa na shida yoyote. Shida ikaanza kituoni, lifti imefungwa kwa matengenezo, ngazi za umeme zinazofanya kazi ni za kushuka tu, nikapandisha mizigo kwa awamu watu wananipita kushoto na kulia. Na zile mita mia nne zilikuwa ni barabara ya mawe, yale mawe ya kupanga ya mitaa ya zamani, katikati ya njia mpira wa tairi moja ukachanika, mara kile kipande cha plastiki kinachoshika tairi kikang'oka na skrubu zake, kuanzia hapo sanduku likawa linakwaruza chini kama jembe mpaka mlangoni kwa hoteli. Pesa niliyookoa kwenye nauli haikutosha hata nusu ya sanduku jipya.

Kwa hiyo mpangilio wangu ndo huu, na nimeupanga kwa mtu mwenye angalau mabegi mawili makubwa.

Namba moja: gari uliloagiza kabla hujasafiri

Hili ni lile la kulipia au kuwekea oda mapema, dereva anakusubiri na karatasi yenye jina lako pale mnapotokea abiria. Unanyanyua mzigo mara moja au hata hunyanyui kabisa, maana dereva anapakia na kushusha. Nauli yake mara nyingi inaizidi teksi kidogo, lakini kama unafika usiku, una watoto, una mzazi mzee, au mko watatu na kila mtu na sanduku lake, usijadiliane sana na nafsi yako, chukua hili.

Ila kuna maswali ya kuuliza kabla hujalipa na uyaulize kwa maandishi ili majibu yabaki kwenye simu. Bei ni ya gari zima au ya kila mtu? Maegesho ya uwanjani na ushuru wa barabara vimo humo? Na kubwa kuliko yote, muda wa kusubiri bure unaanza kuhesabiwa lini, ndege ikigusa ardhi au saa iliyoandikwa kwenye tiketi? Hapo ndo watu wanaumia. Ukitua, kuna foleni ya uhamiaji, kuna kusubiri mabegi kwenye mkanda, kuna forodha, saa nzima inaisha hivi hivi, sasa kama dereva anasubiri dakika thelathini tu unakuta ameondoka au anakudai nyongeza. Wape namba ya ndege yako, kampuni inayojua kazi yake inaifuatilia ndege yenyewe na ikichelewa wanasogeza muda bila wewe kupiga simu.

Alafu taja mizigo kwa idadi na ukubwa. Usiseme tu "nina mabegi". Sema masanduku makubwa mawili, dogo moja, na kitoroli cha mtoto. Gari dogo la kawaida buti lake linameza masanduku makubwa mawili, la tatu linaanza kugombana na kiti cha nyuma. Na kuna nchi ambazo teksi nyingi zinatembelea gesi, mtungi umewekwa ndani ya buti, kwa hiyo ukilifungua unakuta nusu ya nafasi imeshachukuliwa na mtungi. Hata gari la viti saba lisikudanganye, viti vya mstari wa tatu vikiwa vimesimama nyuma yake panabaki sehemu nyembamba ya kuweka begi moja, kwa hiyo gari la watu sita na mizigo yao sita hapo halipo, omba kibasi kidogo.

Namba mbili: teksi ya foleni rasmi

Nazungumzia ile foleni yenye kibao nje ya jengo, yenye msimamizi, sio yule kaka anayekufuata ndani ukiwa bado unatafuta mlango. Huyo wa ndani mkatae kwa heshima na uendelee kutembea, na usimruhusu kushika toroli lako hata kama anasema anakusaidia tu, maana akishalishika wewe ndo unamfuata yeye, na gari lake liko mbali na bei yake utaijua mwisho.

Teksi ya foleni ina faida moja kubwa ambayo watu hawaisemi, unaliona gari kabla ya kupanda. Ukiona buti halitoshi unamuomba msimamizi gari kubwa zaidi na unasubiri kidogo. Kuna miji imeweka bei moja maalumu kutoka uwanjani mpaka mjini, Paris wamefanya hivyo tangu 2016, na New York kutoka uwanja wa JFK kwenda Manhattan vilevile kuna bei iliyopangwa, kwa hiyo foleni ya magari barabarani haikuongezei kitu upande wa nauli yenyewe. Pale penye mita hakikisha imewashwa gari linapoondoka, na uulize mapema kama mabegi yana malipo yake ya ziada, sehemu nyingine yapo na ni halali.

Uliza na habari ya kadi. Kibandiko cha kadi kwenye dirisha ni kitu kimoja, mashine inayofanya kazi ni kitu kingine.

Namba tatu: gari la apu, lile unaloagiza kwa simu

Najua wengi mngeliweka namba moja, na mimi mjini nalitumia kila siku, bei unaiona kabla na njia unaiona kwenye ramani. Uwanjani na mizigo mizito ni habari nyingine. Kwanza sehemu ya kupandia. Viwanja vingi vimeyasogeza magari ya apu kwenye jengo la maegesho au ghorofa nyingine, unavuka barabara, unapanda lifti, na toroli la uwanja mara nyingine haliruhusiwi kuvuka mpaka huko, kwa hiyo unaanza kuburuta masanduku mawili kwa mikono miwili na simu inataka mkono wa tatu.

Pili intaneti. Unaagiza kwa waifai ya uwanja ukiwa ndani, ukitoka nje inakatika, dereva anakuandikia "niko nguzo ya nne" na wewe ujumbe huuoni. Nunua data kabla au weka laini ya kidijitali (eSIM) ukiwa nyumbani. Tatu malipo: kadi iunganishe na uijaribu kabla hujasafiri, maana benki ikituma namba ya kuthibitisha kwenye laini yako ya nyumbani na laini haishiki mtandao kule, umekwama na mabegi yako barabarani.

Chagua gari la daraja kubwa hata kama uko peke yako. Dereva wa gari dogo akiona masanduku matatu anafuta safari, na unarudi mwanzo kusubiri mwingine. Gari likifika linganisha namba ya usajili, na usimuulize dereva kama amemfuata fulani, mwache yeye ndo akutajie jina.

Namba nne: treni mpaka kituo kikuu, alafu teksi fupi

Hii naipenda sana kwa miji yenye foleni mbaya, na ukiwa na sanduku moja tu ningeipandisha mpaka namba mbili. Treni maalumu za uwanjani zimetengenezewa watu wenye mizigo, zina rafu karibu na mlango, na mara nyingi zina lifti mwanzo na mwisho. London kwa mfano kuna Heathrow Express, dakika kama kumi na tano kutoka uwanja wa Heathrow umefika kituo cha Paddington mjini bila kusimama njiani. Kosa ni kushuka pale na kuingia na masanduku kwenye treni za chini ya ardhi za mjini ili umalizie. Usifanye hivyo. Chukua teksi kutoka kituo kikuu, safari ni fupi na nauli yake ni ndogo.

Ukiingia kwenye treni usiweke sanduku kwenye rafu alafu ukakae mbali. Kaa unapoliona, na kituo kimoja kabla ya kushuka uwe umeshasimama karibu nalo, milango haisubiri mtu anayevuta begi lililozibwa na mabegi ya wenzake.

Basi kubwa la uwanjani, lile la moja kwa moja lenye buti chini, nalipanga hapa hapa pamoja na treni. Unaweka mzigo mara moja, unashuka nao mara moja. Mazuri yanakupa kipande cha karatasi chenye namba sawa na kilichofungwa kwenye sanduku lako, kitunze. Kama hawatoi, kila basi linaposimama njiani angalia dirishani upande wa buti, nani anashuka na anachukua nini.

Namba tano: gari la kuchangia na gari la hoteli

La kuchangia linazunguka hoteli za watu wengine kabla ya kwako, na kila kituo mabegi yanashushwa yanapangwa upya. Kwa mtu mmoja asiye na haraka ni sawa, kwa familia jumla ya viti inaweza kufika bei ya teksi, piga mahesabu. Gari la bure la hoteli ni zuri sana likiwepo, ila kawaida linakuwepo kwa hoteli za jirani na uwanja, za katikati ya mji nyingi hazina au wanakuuzia kama huduma ya kulipia. Waandikie uliza, usidhanie.

Mwisho kabisa: metro (zile treni za chini ya ardhi za mjini) na basi la kawaida la mjini

Nauli ndogo kuliko zote na kunyanyua kwingi kuliko kote. Geti za kuingilia ni nyembamba, saa za watu kwenda kazini huna pa kuweka sanduku na unawakwaza wenzako. Vituo vya zamani ndo balaa. Paris laini namba 14 ya metro, iliyojengwa baadaye, ina lifti vituo vyote, laini za zamani nyingi ni ngazi tupu. Kama lazima upande, fungua ramani ya mtandao huo utafute alama ya lifti kwenye kituo cha kushukia na kwenye kila kituo cha kubadilisha, kisha angalia picha za mtaani kuanzia mlango wa kituo mpaka hotelini, uone kama kuna mlima, mawe au ngazi. Dakika tano hizo zingeniokolea sanduku langu.

Umbali nao unaweza kupindua mpangilio wote huu. Uwanja wa ndege wa Narita uko karibu kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, huko teksi inakuwa ghali mno na treni au basi la kwenda mahotelini ndo vinashika nafasi za juu. Na Japani kuna jambo la kufurahisha ambalo natamani lingekuwepo kila mahali, unaacha sanduku kaunta ya uwanjani, unajaza fomu yenye anuani ya hoteli, na wanakuletea, kawaida kesho yake, wewe unapanda treni na begi la mgongoni. Ukitumia huduma ya namna hii toa kwanza dawa, chaja, nguo za kulalia na karatasi zako muhimu.

Usafiri wowote utakaochagua, hifadhi picha ya jina na anuani ya hoteli kwenye simu kwa maandishi ya nchi ile, Kichina, Kiarabu, Kijapani, vyovyote, maana dereva anaweza asisome herufi zetu na hoteli za jina moja zinaweza kuwa tatu mji mmoja. Piga picha namba ya gari kabla mizigo haijaingia. Na ukifika, kabla hujalipa na kabla buti halijafungwa, hesabu mabegi yote yakiwa chini, pamoja na lile dogo lililowekwa kiti cha mbele, hilo ndo husahaulika.