Kuvua maski Ziwa Minnetonka baridi ikiwa imeingia: nyota nne kati ya tano

Dola 500 kumkodi nahodha wa uvuvi, jumla ya saa nane majini, samaki mmoja. Usicheke kwanza.

Mimi mtoto wa Mtongwe, mshipi wa mkono nimeushika kabla ya kalamu. Nilipohamia Minnesota nikadhani samaki wa ziwani ni wa kuchezea tu. Kumbe kuna maski (muskie), samaki mkubwa mwindaji. Meno kama ya mzia, madaha zaidi: anakifuata chambo mpaka ubavuni mwa boti, anakutazama, anaenda zake. Wenyeji humwita samaki wa kurusha mara elfu kumi.

Jumamosi joto lilikuwa nyuzi 27. Usiku radi na mvua, na Jumapili alfajiri, siku yetu ya kuvua, nyuzi 8, upepo wa kaskazini-magharibi, mbingu buluu bila wingu. Siku kama hiyo maski hujibanza kwenye magugu, hamu hana. Nahodha aliuona utabiri tangu Ijumaa. Angenipigia tusogeze tarehe. Hakupiga. Nyota moja imezama hapo.

Lakini kazi anaijua. Vile vyambo vya kung'aa vinavyozunguka kwa kasi alivirudisha sandukuni, akafunga cha mpira, akatutoa juu ya magugu hadi ukingo wake wa nje, kina cha futi 15. "Vuta kidogo, kiache kizame, hesabu tatu." Chambo chenyewe, eti kidogo, kilikuwa kizito kuliko simu yangu. Bega langu bado lalalamika.

Na kabla hujakitoa chambo majini lazima ukizungushe ubavuni mwa boti, uchore namba nane kwa ncha ya fimbo, ili maski anayekifuata ashawishike, kila mara. Nimechora nane hadi nikajiona niko tena chekechea. Saa nane na robo mchana, kwenye kona ya pili, kivuli cha kahawia kikapanda taratibu, mdomo mweupe ukafunguka miguuni pangu. Nikapiga kelele kwa Kiswahili.

Inchi 39. Sheria ya Minnesota haikuruhusu kumchukua chini ya 54. Nahodha alimwacha ndani ya wavu, majini, akaikata ndoana kwa koleo, picha moja, akamwachia. Mama aliposikia nimerudisha samaki wa karibu mita nzima, aliuliza kama nimelishwa kitu.

Nitarudi naye, Oktoba. Glavu bebeni zenu; alizonipa zilikuwa zimelowa tangu Jumamosi.