Huduma ya mwakilishi wadi pembezoni mwa Mombasa: inafaa nini, inakwama wapi

Kaunti ya Mombasa ina wadi 30, na nyingi ni za mjini kabisa. Mwakirunge, mojawapo ya wadi 7 za eneobunge la Kisauni, ni shamba: minazi, nyumba zilizo mbalimbali, mpaka na Kilifi, na jaa la taka za mji. Mkaazi wa huko ana haki ile ile ya uwakilishi aliyo nayo mkaazi wa Tudor au Majengo, ila kuifaidi kunataka maarifa zaidi. Tunayoipima hapa ni huduma yenyewe, si mtu aliyekalia kiti.

Wazee bado wanamwita mwakilishi wadi diwani, na jina hilo limebeba matarajio ya zamani. Watu wanamwendea wakitaka greda ije kesho, au zahanati iongezewe muuguzi. Hana uwezo huo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza kuingia katika kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Kazi yake ni kukaa karibu na wapigakura, kusema kwa niaba yao katika bunge la kaunti, kutunga sheria za kaunti na kuwabana watendaji wajibu. Greda ni jambo la idara. Kwenye wadi, mtu wa serikali ya kaunti ni msimamizi wa wadi, ambaye huajiriwa, hapigiwi kura. Tatizo la leo, kama bomba lililopasuka au taka zilizomwagwa njiani, lianzie kwake.

Kabla ya kufunga safari, jiulize jambo ni la nani. Kaunti inashughulika na zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, uzoaji taka, kilimo na barabara za kaunti. Shule za msingi, polisi, chifu na hatimiliki za ardhi ni za serikali kuu. Madarasa ya msingi huombewa pesa za NG-CDF, yaani mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneobunge, kupitia kamati ya mfuko huo katika eneobunge. Barabara ndizo hasa zinazochanganya, kwa sababu mbili zinazopakana zaweza kuwa za wenyewe tofauti. Uliza kwanza, maana ombi lililopelekwa kusikohusika huzunguka mezani miezi na hakuna anayelikataa waziwazi.

Penye faida kubwa, na wengi hupakosa, ni kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe bungeni kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi kabla ya pesa kuanza kutumika. Hati ya mikakati ya fedha, inayopanga kiwango cha kila idara, huwasilishwa kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na sheria ya kuidhinisha matumizi hupitishwa kufikia Juni 30. Sasa tazama kinachotokea: watu hujaa kwenye kikao cha Mei kuomba kisima, wakati mgao wa kila idara ulishapangwa kwenye hati ya Februari na kisima hakikuwamo kwenye mpango wa Septemba. Mwakilishi ataitikia vizuri, na kisima hakitakuja. Ukitaka kisima, peleka ombi Juni au Julai kwa ajili ya mpango utakaofuata, utaje kijiji, mahali penyewe, idadi ya nyumba na umiliki wa kiwanja. La kiwanja ndilo huua miradi mingi ya pwani. Mradi usio na ardhi iliyothibitishwa hurukwa hata kama pesa zipo. Kisha Aprili fungua makadirio utafute jina la mradi. Ukikuta limeandikwa "wadi mbalimbali" tu, dai litajwe kijiji kwa kijiji.

Malalamiko mazito, mfano moshi na harufu ya jaa, yafaa kuandikiwa ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na kila mtu ana haki hiyo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lieleze jambo, hatua zilizokwisha kuchukuliwa na majibu yaliyopatikana, liseme kama kuna kesi mahakamani, na limalizike kwa kutaja hasa bunge lifanye nini. Wanaoomba waweke majina, namba za kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Rudia kichwa cha ombi juu ya kila karatasi ya sahihi, na usifute wala kuchomeka maneno kwa kalamu. Likabidhiwe kwa karani wa bunge la kaunti, au liwasilishwe na mwakilishi. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na bila muhuri usiondoke.

Kwa tathmini yetu, huduma hii ni nzuri katika kupeleka neno na dhaifu katika kurudisha jibu. Vikao vya bunge ni vya wazi kisheria, lakini viko kisiwani, na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mwakirunge ni mzigo kwa mkulima. Mwakilishi anayejali hurudi na taarifa ya kamati akaisoma barazani. Asiyejali huonekana kwenye matanga na harambee tu, na huko ndiko wengi wanakompimia, jambo linalotuuma. Mpime kwa maswali aliyouliza bungeni na miradi iliyoingia kwenye makadirio.

Kuna kasoro isiyo mikononi mwake. Mipaka ya wadi ni ya 2012. Katiba inataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe kati ya miaka 8 na 12, na ya wadi mara kwa mara, lakini Machi 2024, mwisho wa miaka hiyo 12, ilipita bila mapitio. Mapitio yakifika, peleka maoni ya maandishi ukitaja vijiji, umbali na mahali watu wanakopata soko na hospitali, kwa kuwa Katiba inaagiza mambo kama jiografia, mawasiliano na mafungamano ya jamii yatazamwe pamoja na idadi ya watu.