Agano la Kale: utafsiri kutoka Kiebrania au Septuaginta?

Matini ya Kimasora ni Kiebrania kilichowekewa alama za irabu na wanazuoni wa Kiyahudi. Nakala yake kamili ya zamani zaidi, Kodeksi ya Leningrad, ni ya mwaka 1008. Septuaginta ni tafsiri ya Kigiriki iliyoanza Aleksandria karne ya 3 KK. Usikimbilie kusema ya kale ndiyo sahihi: mtafsiri naye hukosea.

Mtazame Goliathi, 1 Samweli 17:4. Kiebrania kinampa kimo cha mikono sita na shibiri, karibu mita 3. Nakala za kale za Kigiriki zinampa mikono minne na shibiri, kama mita 2. Hati ya Kiebrania iliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, nayo inasema minne, kwa hiyo Kigiriki hakikubuni. Yeremia ya Kigiriki, tena, ni fupi kwa takriban sehemu moja ya nane.

Zaburi ndizo huchanganya watu. Kigiriki kimeunganisha ya 9 na ya 10, hivyo zaburi ya mchungaji, ya 23, huko ni ya 22.

Kwa orodha ya vitabu, Waprotestanti hufuata vile vya Kiebrania, 39. Wakatoliki wana 46, vikiwemo Tobiti na Yudithi.

Kwa tafsiri mpya, msingi uwe Kiebrania, Kigiriki kikiwa wazi pembeni. Katika Mwanzo 4:8 Kiebrania kinasema Kaini alimwambia Abeli, kisha maneno yenyewe hayapo. Septuaginta inayo: "Twende uwandani."