Programu ya kupimia safari za ndege: kilomita inazijua, saa inabahatisha

Mimi nakata watu tiketi hapa Mombasa. Wateja wangu wengi ni wazee wanaokwenda kuwaona watoto Marekani, na kabla hata ya bei huniuliza watakaa angani saa ngapi. Ndiyo maana nikaiweka programu hii kwenye simu. Ni ya bure: unaandika viwanja viwili, inakuchorea mstari, inakupa kilomita na muda.

Kwa umbali sina ugomvi nayo. Kutoka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, hadi uwanja wa JFK wa New York inasema kama kilomita 11,840, na ni kweli. Mstari wenyewe unapinda, maana dunia ni mviringo: unapanda Sudan Kusini, unakata jangwa la Sahara kupitia Chad na Algeria, kisha unatokea baharini upande wa Morocco. Wateja wanapenda kuuangalia. Ila chunga jina la uwanja. Ukiandika "Nairobi" ukabonyeza jibu la kwanza, unapelekwa Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo. Kilomita hazibadiliki sana, lakini Dreamliner, lile dege kubwa la safari ndefu, litapaa Wilson kwa barabara gani?

Kasoro kubwa iko kwenye saa. Kwenda inasema saa 14 na dakika 26. Kurudi, saa 14 na dakika 26. Piga hesabu uone inavyofanya: inagawa kilomita kwa mwendo wa 850 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Upepo haumo kabisa. Na huko juu ndege zinakopita kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kwa mama ambaye miguu inamvimba akikaa sana, hiyo saa moja si kitu kidogo.

Saa za huko nazo haizigusi. Juzi mzee mmoja kaniuliza, "Binti yangu, nikiondoka usiku wa manane nikakaa saa 15, si nafika alasiri?" Nikamwambia, "Hapana baba, utafika asubuhi." New York iko nyuma yetu saa 8 wakati wao wa baridi, saa 7 wakati wa joto. Ilibidi nimwandikie kwenye karatasi, maana mwanawe ndiye wa kumpokea.

Wanaopitia Doha ndio haiwafai kabisa. Njia hiyo inaongeza zaidi ya kilomita 2,000, na kwenye programu hakuna muda wa kusubiri ndege ya pili, wala ndege ya kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi. Mimi hutumia kilomita zake kumwonyesha mteja kwa nini ya moja kwa moja ni fupi, halafu saa nazisoma kwenye tiketi yenyewe.

Nimeipa nyota tatu. Wakitofautisha muda wa kwenda na wa kurudi naongeza ya nne. Ya tano wataipata siku wakiiondoa Wilson pale juu kwenye majibu ya "Nairobi".