Uzoefu wangu na brashi ya Series 7 katika kupaka visanamu vya mazimwi na majoka

Nianze na bei, maana ndiyo inayowafukuza wengi. Brashi moja tu ya Winsor & Newton Series 7, namba 1, inakula hela ambayo ingekutoa dukani na pakiti nzima ya brashi za nailoni, na chenji juu. Mke wangu alipoiona risiti aliuliza kama mpini ni wa mpingo. Mpini ni mti wa kawaida uliopigwa rangi nyeusi. Unacholipia kiko upande wa pili: nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, zilizokusanywa na kufungwa kwa mkono ndani ya kipete cha chuma. Wenyewe kampuni husimulia kwamba aina hii ilianza 1866, Malkia Victoria alipoagiza atengenezewe brashi bora kabisa za rangi za maji, kwa namba aliyoipenda, yaani 7.

Mimi sichori mandhari kama Malkia. Napaka visanamu vya michezo ya mezani: mazimwi, majoka, wachawi na fimbo zao, vya milimita 28 hadi 32 hivi kwa urefu. Ni ugonjwa ambao Games Workshop, kampuni ya Nottingham inayouza michezo na visanamu hivi, imewaambukiza watu wazima wengi hapa Uingereza, na mimi ni mmoja wao. Nimeshatumia brashi za kila aina, na hii ndiyo ninayoishika kazi inapokuwa ngumu.

Anayeanza fani hii akiona jicho la kisanamu hukimbilia brashi nyembamba kuliko zote, namba 000. Anajitesa bure. Brashi ile haina tumbo, kwa hiyo tone la rangi ya akriliki inalobeba hukauka nchani kabla mkono haujafika usoni. Namba 1 ina tumbo linalohifadhi rangi ya kutosha, kisha nywele zote zinakutana kwenye ncha moja kali. Kazi ya kuchora jicho ni ya ncha, unene wa brashi hauhusiki. Kwa sababu hiyohiyo sishauri toleo la Series 7 linaloitwa Miniature, hata kama jina lake linaonekana limekuja kwa ajili yetu. Nywele zake ni fupi, na kwa akriliki ufupi ni hasara. Chukua ya kawaida.

Tofauti niliiona waziwazi kwenye joho la mchawi mmoja, jekundu, lenye mikunjo mirefu kutoka begani hadi kisiginoni. Nilitaka wekundu uzame taratibu hadi zambarau kwenye mabonde ya mikunjo bila mstari kuonekana. Kazi hiyo hufanywa kwa utando juu ya utando. Unaiyeyusha rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, unachovya, halafu, na hatua hii wengi huiruka, unaigusisha brashi kwenye karatasi laini inyonye ziada. Usipofanya hivyo utamwaga dimbwi kwenye kisanamu. Kisha unavuta kuelekea pale unapotaka rangi ikolee, kwa sababu chembe nyingi za rangi hubaki pale brashi inapoinuliwa. Ukivuta kinyume unatia kiza mahali pa mwanga. Brashi ya nailoni huachia rangi kwa mkupuo. Hii inaiachia kidogokidogo, na mkono unahisi kabisa inavyotoka. Kila utando uache ukauke, ndipo uweke mwingine. Mkunjo mmoja unaweza kumaliza kikombe cha chai, lakini ukimaliza, jicho linateleza kutoka begani hadi chini bila kukwama popote.

Upanga nao. Kuna mtindo wa kuonyesha chuma bila kutumia rangi yenye vumbi la chuma: unapanga kijivu, karibu na nyeusi upande mmoja wa ubapa, ukipanda hadi nyeupe kamili upande wa pili, halafu unageuza mpangilio kwenye ubapa wa jirani. Macho yanadanganyika yanaona chuma king'aacho. Siri iko kwenye mstari wa mwisho, ule mweupe wa makali, ambao ukinenepa kidogo tu, upanga unageuka ubao. Hapo situmii ncha yenyewe, nailaza brashi na kuburuta ubavu wake kwenye ukingo. Ncha hii hurudi kwenye umbo lake kila ninapoinyanyua, wakati za nailoni baada ya muda hupinda ncha na kuwa ndoano.

Lakini isikutie wazimu ukaitumia kila mahali. Kusugua rangi kavu kwenye manyoya na miamba, hapana kabisa, utaiua kwa kikao kimoja. Rangi zenye vumbi la chuma, hapana. Praima (rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine), gundi, kukoroga rangi kwenye paleti, yaani sahani ya kuchanganyia, zote hizo ni kazi za nailoni ya bei chee. Hata rangi ya msingi ya joka zima naipaka kwa brashi kubwa ya kawaida. Ya kicheche inaingia kwenye magamba ya usoni, macho na kucha.

Matunzo yake ni ya kudeka. Rangi isipande hadi kwenye kipete, kwa sababu akriliki ikikaukia mle ndani nywele zinaachana na ncha inakwisha. Naisuuza kila mara hata kama rangi ni ileile, na mwisho wa kazi naipitisha kwenye sabuni maalumu ya brashi kwa maji ya baridi. Maji ya moto hulegeza gundi inayoshika nywele. Joto nalo ni adui, na nilipokuwa Tanga likizo nililiona hilo: rangi zilikauka kwenye sahani nikizitazama. Kwa mlioko pwani, paleti yenye sifongo lililolowa na karatasi ya kuokea juu yake si anasa, na unaweza kuitengeneza kwa kontena la chakula.

Wapakaji wengi huichonga ncha kwa kuilamba. Mimi naizungusha kiganjani. Si kila rangi ni ya kuingia mdomoni, na ndugu yangu mmoja aliposikia habari za mkia wa kicheche alitaka kwanza kujua mnyama mwenyewe alikufaje. Swali la haki. Kama linakukera, siku hizi zipo nailoni nzuri zinazokaribia kiwango hiki. Utabadilisha mara nyingi zaidi, basi.

Ukiweza, inunue dukani ana kwa ana. Brashi mpya huwa imekazwa kwa gundi nyepesi ili isiharibike njiani, kwa hiyo omba maji, iloweshe, ikung'ute mara moja kwa nguvu, uangalie. Ncha ikikutana yenyewe, lipa. Ikigawanyika pande mbili, omba nyingine, na muuzaji anayejua kazi yake hatanuna. Niliwahi kuagiza ya kampuni nyingine mtandaoni, ikafika na ncha mbili, na muuzaji akaniambia nisubiri "izoee". Haikuzoea. Sasa nakorogea rangi.