Sufuria za stili zenye kitako kinene na vifuniko vya kioo: nilivyoziona jikoni kwangu Chake Chake

Seti ninayoizungumzia ni ile ya sufuria tatu za stili: kitako kinene, vifuniko vya kioo vyenye tundu la kutolea mvuke, mashikio ya chuma huku na huku. Soko la Darajani, Unguja, imejaa, na hapa Chake Chake, Pemba, wapo wanaoileta kwa kuagiza. Jina la kampuni silitaji, maana nimeona majina tofauti yamebandikwa kwenye sufuria ambazo ukizigeuza ni zilezile. Nimezitumia tangu kabla ya Ramadhani, kwenye gesi, kwenye seredani, na mara mojamoja kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Napika cha nyumbani, na watu wakiwa na shughuli huchukua oda za wali na mikate ya kumimina, kwa hiyo vyombo vyangu havipati mapumziko.

Kwa anayetaka jibu la haraka: kwa mchuzi, supu, chai na urojo, nunua. Kwa wali wa kupalia makaa na mkate wa kumimina, baki na alumini yako. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee kusoma.

Kuna njia rahisi ya kujua sufuria inaugawaje moto, nayo ni unga. Chukua sufuria kavu, nyunyiza unga wa ngano kitako kizima uwe utando mwembamba, weka kwenye moto wa wastani, usimame uangalie. Unga hugeuka rangi kwanza pale moto unapofika kwanza. Kwenye sufuria yangu ya zamani ya alumini, ile nene nzito, ulianza kuwa kahawia karibu kitako chote kwa pamoja. Kwenye kijisufuria cha stili nyepesi, cha bei ya chini, ninachochemshia mayai, ulijichora duara la moto wa gesi: mweusi pale ndimi za moto zinapogusa, na katikati bado mweupe pepepe. Hii seti mpya ikaja baina ya hizo mbili. Katikati ilikuwa sawasawa, sina la kusema. Lakini pembeni, pale kitako kinapokutana na ubavu, ukatokea mstari mweusi kama wanja.

Mstari huo ndio habari yenyewe ya sufuria hizi. Kitako chake si kipande kimoja. Ni sahani mbili za stili zilizobana tabaka la alumini katikati, na alumini ndiyo inayoutandaza moto. Stili peke yake haiwezi kazi hiyo. Wanaopima upitishaji wa joto hutumia kipimo cha wati kwa mita kwa kila digrii, na kwa kipimo hicho shaba inakaribia 400, alumini safi ni 237 hivi, chuma kisichochanganywa ni 80, na stili ya vyombo inaambulia 15 tu. Ukigeuza seti yangu utakuta imegongwa 18/10, maana yake asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 10 ya nikeli. Joto ndani ya metali hubebwa zaidi na elektroni zinazotembea huru, na hizo chembe za kromiamu na nikeli zilizopachikwa kati ya za chuma huzikatizia njia. Ila hizohizo ndizo zinazoikinga sufuria na kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si jambo dogo. Majirani wanajua nilivyotupa vikaango vya chuma.

Sasa, tabaka lile la alumini linaishia kabla ya ubavu. Ubavu ni stili tupu, nyembamba. Ukiwasha gesi kubwa, moto unatoka nje ya kitako na kulamba ubavu, na joto likifika pale halina pa kwenda. Linakaa palepale linaunguza. Ndiyo maana wengi wanalalamika kwamba tui linashika pembeni wakati katikati pako salama. Dawa yake ni moto mdogo usiotoka nje ya kitako. Kwenye gesi hilo linawezekana. Kwenye seredani ni kazi, kwa sababu kaa la mkaa likishika vizuri hutoa joto pande zote, hata pale lisipogusa chombo, na ubavu wa sufuria unalipokea lote.

Vitu vya majimaji havijali sana hayo. Maji ya chini yakipata moto yanapanda, ya juu yaliyopoa kidogo yanashuka, na sufuria inajikoroga yenyewe usiku kucha ukitaka. Chai, supu ya pweza, mchuzi mwepesi wa samaki, vyote nimevipika humu bila lawama, na kile kifuniko cha kioo kinakuonesha kama supu imeanza kuchemka bila kufunua na kuuachia mvuke. Lakini vizito havizunguki. Bokoboko, uji wa mtama, tambi za nazi zikishaanza kukauka: kilichoko chini kinabaki chini, na kama kitako kina sehemu moja yenye moto kuliko nyingine, hapo ndipo kitashika. Ukiangalia wapika halua wa Wete wanavyosimama juu ya karai saa nzima na zaidi, mwiko haupumziki, sababu ni hiyohiyo. Kitu kizito hakiwezi kulisafirisha joto chenyewe, lazima mkono ukisaidie. Bokoboko humu ndani nilisonga kwa juhudi kuliko nilivyozoea, na bado pembeni palikuwa na utandu wa kukwangua.

Tuje kwenye wali, maana Mpemba hanunui sufuria bila kufikiria wali.

Wali wa nazi ukishakauka tui, sisi tunapunguza moto wa chini, tunabakisha makaa mawili matatu, na mengine tunayahamishia juu ya kifuniko. Makaa ya vifuu ndiyo ninayoyapenda kwa kazi hii, yanatulia. Anayeona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni mapambo. Moto wa chini ukiachwa peke yake unafanya kazi mbili zinazogombana: kuivisha punje za juu na kutounguza za chini. Joto linapita kwenye wali uliokauka polepole mno, kwa kuwa punje na hewa iliyokaa kati yake vyote ni wapitishaji wabovu. Hewa yenyewe kwa kile kipimo cha wati haifiki hata 0.03. Kwa hiyo kabla ya juu kuiva, chini pamekuwa matandu. Ukipalia, juu panapata joto lake kutoka juu. Kifuniko cha alumini chembamba kinalipokea kutoka kwenye makaa, kinalitandaza upande hadi upande, na kuumulika wali kwa joto. Nasema kuumulika kwa sababu hewa moto haitelemki, inang'ang'ania juu. Joto linashuka jinsi la jua linavyoshuka, bila kuhitaji hewa ilibebe. Unapata wali mkavu, punje mojamoja, na matandu ya chini ni membamba ya kugombewa na watoto.

Kifuniko cha kioo hakikuumbwa kwa hayo. Kaa jekundu linapita digrii 600. Ukiliweka juu ya kioo, pale lilipo panapata moto na kutanuka, na pembeni yake bado ni baridi kwa sababu kioo nacho ni mpitishaji mbovu, kipimo chake ni kama 1 tu. Sehemu moja inatanuka, nyingine haitaki. Shoga yangu mmoja wa Wete alijaribu. Kioo hiki cha vifuniko ni cha kukazwa kwa moto kiwandani, kwa hiyo hakipasuki vipande viwili vya kuokota. Kilisambaa chenga chenga ndani ya wali wa watu wanane, na wali wote ukaenda jaani. Hata kama kingestahimili, ile kirungu ya kushikia juu ni ya plastiki, na ukingo una tundu la mvuke. Basi tusibishane: juu ya kioo hapapaliwi.

Mkate wa kumimina ndio kabisa. Kule juu panatakiwa pageuke rangi ya dhahabu na kupata vitundu, na bila moto wa juu unatoa mkate ulioiva chini na uso uliopauka, umelowa mvuke uliodondoka kutoka kwenye kioo. Niliupika humu kwa gesi nikaugeuza kama chapati. Ulilika. Kwa oda ya mtu siutoi.

Mashikio yamenipa majibu mawili. Kwenye gesi ya moto mdogo nayashika kwa mkono mtupu hata supu ikiwa inachemka, kwa sababu ile tabia ya stili ya kupitisha joto kwa shida hapa inakuwa neema: moto haufiki kwenye mashikio haraka. Kwenye mafiga mambo yanageuka, kwani ndimi za moto zinapanda ubavuni na kuyapiga mashikio moja kwa moja. Hapo tumia kitambaa, na kitambaa kiwe kikavu. Kitambaa kikavu kinakukinga kwa hewa iliyokaa ndani ya nyuzi zake. Kikilowa, maji yanachukua nafasi ya ile hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Wasichana wanaojifunza jikoni wanakamata kitambaa cha kufutia meza kilicholowa wakidhani kinapoza. Waambieni.

Kijiko cha stili kilichokuja na seti nimekipeleka kwenye kabati la wageni. Kwa kukorogea bado mwiko wa mti na upawa wa kifuu vinashinda. Unaweza kuuacha upawa ndani ya mchuzi ukaenda kuswali ukarudi ukaushika.

Kuhusu usafi, nina maoni ambayo mama mkwe wangu hatayapenda. Sisi tumezoea kusugua sufuria nje kwa mchanga na stili waya mpaka ujione uso. Kwa ndani sawa. Lakini kitako cha nje cha sufuria ya mkaa au kuni kikiwa na weusi mwembamba wa moshi kinafaa zaidi kuliko kinachong'aa, kwa sababu uso unaong'aa hurudisha sehemu kubwa ya joto la makaa lilikotoka, na mweusi hulinywa. Nasema weusi mwembamba, si magamba ya masizi; masizi yakiwa manene nayo huzuia. Hii seti mpya, kwa kuwa inang'aa, ilichelewa kuchemsha maji kwenye seredani ilipokuwa mpya, na sasa kitako kimeanza kupata rangi mambo yamekuwa afadhali. Kwenye gesi sikuona tofauti kubwa. Zile rangi za samawati na zambarau zinazojitokeza ndani ukiisahau kavu kwenye moto si sumu wala uharibifu, zinaondoka kwa ndimu au siki.

Ndimu ndiyo inanikumbusha urojo. Hapa alumini imeshindwa wazi. Embe mbichi, ndimu na ukwaju vikikaa kwenye sufuria ya alumini vinaila, rangi inapauka na ladha ya chuma inaingia. Kwenye stili urojo nauacha asubuhi mpaka alasiri na ladha yake haibadiliki. Hata mchuzi wa ukwaju wa papa naupika humu tu siku hizi. Kama unauza urojo, hiyo sababu peke yake inatosha kuinunua ile kubwa.

Bei ni kama mara tatu ya seti ya alumini ya ukubwa uleule. Kabla ya kulipa, fanya haya dukani. Gonga kitako kwa ukucha usikie kama kimeshikana; kinacholia kitupu usikichukue. Tazama ubavuni chini uone ile sahani imefika wapi; ikifika karibu na ukingo, mstari wa kuungua utakuwa mdogo. Kama una jiko la umeme la sumaku, chukua kisumaku kijaribu chini, kikinata ndiyo inayofaa. Na ukipewa nafasi ya kuchagua sufuria moja badala ya seti nzima, chukua ya kati. Ndogo ni ya maziwa tu, na kubwa inataka moto mpana ambao majiko yetu mengi ya gesi ya mtungi mdogo hayana.

Kwa biriani nimepata njia. Kifuniko cha sufuria yangu ya zamani ya alumini, kile bapa, kinakaa juu ya ile kubwa ya stili, kinacheza kidogo. Naziba ukingo kwa unga wa ngano uliokandwa, natia makaa juu, chini naacha majivu ya moto tu. Mvuke wa ndani unakipoza kifuniko kwa chini, kwa hiyo hakipindi ingawa alumini huyeyuka kwenye digrii 660. Usikitie makaa kikiwa juu ya sufuria tupu. Fundi wa sokoni alitaka kunikatia kifuniko cha bati la kuezekea kwa bei nafuu. Nilikataa, maana bati lile limepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye digrii 419, chini sana ya joto la makaa, na moshi wake si wa kuvutwa wala wa kuingia kwenye chakula. Akikuambia hakina neno, muombe akukatie cha alumini, hata kama utangoja mpaka mzigo ushuke bandari ya Mkoani.